Kidato kwenye tumbo la ndege ya majini

Mtu akiniuliza zile ndege kubwa za zamani za abiria, zilizoruka na kutua majini, zilipaaje, simwonyeshi injini. Namwambia ainame atazame tumbo. Nyuma kidogo ya katikati, mkuku, yaani uti wa chini ya tumbo, unakatika ghafla kama ngazi. Hicho ndicho kidato.

Chukua Short S.23, iliyojulikana kwa jina la Empire. Aliisanifu Arthur Gouge huko Rochester, Uingereza, ikarushwa mara ya kwanza Julai 1936. Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, walishaagiza 28 kabla hata moja haijaruka! Kuanzia 1937 zilisafiri kutoka Southampton hadi Durban, zikitua Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na abiria wasiozidi 24.

Sasa, maji hung'ang'ania. Shika kijiko kwa ncha ya mpini, mgongo wake uguse maji ya bomba. Utaona kinavyovutwa ndani. Tumbo la ndege lililopinda kuelekea mkiani huvutwa vivyo hivyo. Kidato huingiza hewa pale, maji yakaachia, na ndege ikateleza kwa sehemu ya mbele tu hadi mabawa yaibebe. Maji yakiwa shwari kama kioo, kuachia huko ni kwa shida, ndiyo maana boti ya injini ilitangulia kuyavuruga.

Angani kidato hakina faida yoyote. Hewa inazunguka nyuma yake na kuirudisha ndege nyuma. Gouge alipunguza hasara hiyo kwa kulifanya tumbo liwe jembamba, kuta zake wima.

Nazo zile ghorofa mbili zinazosifiwa kama anasa? Kwangu mimi ni suala la propela. Ilibidi bawa, lililobeba injini na propela, likae juu, mbali na maji yanayoruka, na tumbo refu kwenda juu ndilo lililolibeba. Nafasi iliyopatikana wakapewa marubani na mifuko ya barua, abiria wakakaa chini.

Machi 1939 mojawapo ya hizo Empire, iliyoitwa Corsair, ilipotea njia ikienda Juba, ikatua kwenye mto Dungu, Kongo ya Wabelgiji, ikagonga mwamba. Ikatengenezwa, ikajaribu kupaa, ikagonga tena. Mto ulikuwa mwembamba na maji machache, na kidato hakisaidii kitu pasipo nafasi ya kukimbilia. Mwishowe mafundi wakauziba mto kwa bwawa, maji yakapanda. Corsair iliondoka Januari 1940.