Usianze kulaumu cherehani: dhana potofu za ushonaji wa nyumbani

Ukisikiliza mazungumzo ya maduka ya vitambaa pale Soko la Majengo, Dodoma, utadhani kila nguo iliyoharibikia nyumbani imeharibiwa na cherehani. Mshono umevurugika: cherehani. Gauni limebana: cherehani. Mara nyingi kosa lilishafanyika kabla hata mtu hajakaa kushona, nalo limetokana na maneno tunayopokezana bila kuyahoji.

"Kitenge kipya hakifuliwi, kata kikiwa bado na ugumu wake"

Ugumu ule ni wanga wa kiwandani tu. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni nyuzi zenyewe: pamba huvutwa inapofumwa na kukamilishwa kiwandani, na ikilowa mara ya kwanza nyuzi hulegea na kitambaa hurudi. Kikirudi kwa asilimia 3 tu, gauni la sentimita 120 linapoteza karibu sentimita 4. Ndiyo maana nguo iliyokukaa vizuri Jumapili inabana baada ya kufuliwa, na fundi wa watu anasemwa bure. Fua kitambaa kabla ya kukata, kwa namna ileile utakayofua nguo, kisha anika kivulini kwa sababu jua la huku hupausha rangi.

Hapo ndipo anapotokea jirani na ushauri wa pili: loweka kwenye maji ya chumvi, rangi haitachuja. Chumvi ina kazi yake kiwandani, wakati pamba inatiwa rangi, kwani husaidia rangi nyingi kuingia kwenye nyuzi. Kitambaa kikishatiwa rangi na kuuzwa, chumvi ya jikoni haina cha kushikiza. Ingekuwa inatosha, maji ya visima vya Dodoma, yenye chumvi, yangekuwa yameshatumalizia tatizo. Cha kufanya ni kusuuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, na kufua peke yake mara chache za mwanzo. Ukitaka kujua kama bado kinachuja, bana kitambaa cheupe kilicholowa juu yake, kisha uangalie.

"Ni kitenge, kwa hiyo ni pamba"

Vitenge vingi vinavyong'aa kwenye meza za sokoni ni poliesta, au mchanganyiko. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, uziwashe. Pamba huwaka haraka, hunukia karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko. Jaribio hili linaamua joto la pasi, maana poliesta ikipata moto wa pamba hung'aa au huyeyuka. Linaamua pia kama utaistahimili nguo yenyewe: poliesta hainyonyi jasho, na kiangazi hewa ya Dodoma ikikauka, sketi yake hung'ang'ania miguuni kila unapopiga hatua.

"Yadi na mita ni mulemule"

Sivyo. Yadi moja ni sentimita 91.44. Kitenge cha yadi 6 hakifiki hata mita 5 na nusu, kwa hiyo anayepiga hesabu ya mita 6 anapungukiwa zaidi ya nusu mita. Hiyo ni mikono yote miwili ya gauni.

"Uzi ukijaa vitanzi chini, bobini ndiyo mbovu"

Hii ndiyo dhana inayopeleka cherehani nyingi kwa fundi bila sababu. Vitanzi vikitokea chini ya kitambaa, anza kuangalia juu. Uzi wa juu umelegea, kwa hiyo wa bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini) unauvuta wote upande wake. Na sababu ya kawaida kabisa ni kwamba uzi ulipitishwa wakati mguu unaobana kitambaa umeshushwa. Mguu ukiwa chini, visahani vinavyokaza uzi hufunga, na uzi hukaa juu yake badala ya kuingia katikati. Inua mguu, toa uzi wote, upitishe upya, shusha mguu, kisha uvute kidogo: lazima uhisi ukinzani. Jaribu kwenye kipande cha kitambaa hichohicho kabla hujagusa skrubu yoyote.

Bado? Badilisha sindano. Wengi wanaitumia mpaka ivunjike, na sindano butu huruka mishono na kupiga kelele ya kugonga kitambaani. Kadiri namba inavyopanda, sindano inanenepa: 11 ni ya vitambaa vyepesi, 14 inafaa kitenge cha kawaida, 16 ni ya jinzi. Fulana na vitambaa vinavyovutika vinataka sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo husogeza nyuzi bila kuzitoboa.

"Mafuta ni mafuta"

Alizeti ya Singida ibaki kwenye sufuria. Mafuta ya mbegu yakikaa hewani hugeuka kuwa gundi, na gundi hiyo ikinasa vumbi la Dodoma, cherehani inakuwa nzito kukanyaga. Nunua mafuta ya cherehani. Safisha kwanza nyuzinyuzi zilizojazana karibu na bobini kwa brashi, tia tone moja kila tundu la mafuta, endesha juu ya kitambaa chakavu, na ukimaliza kazi ifunike.

Kuhusu pasi, wasemao ni ya mwisho nguo ikiisha wanakosea: kila mshono upigwe pasi kabla haujakatizwa na mwingine.

"Kuacha akiba ya mshono ni kupoteza kitambaa"

Inategemea wapi. Shingoni sentimita 1 inatosha, tena uikate vijipasuo bila kufikia mshono ili ilale vizuri. Ubavuni acha sentimita 2.5, na kwenye sketi ya shule acha upindo wa hata sentimita 8, kwa sababu mtoto anakua na bei ya sare haishuki. Ila ukija kuufungua mwakani, rangi ya bluu iliyojificha ndani itakuwa imekolea kuliko ya nje na mstari utaonekana. Pitisha mshono wa uzi wa bluu juu ya mstari huo, pande zote za sketi, ili uonekane kama pambo.