Umeumia kazini, usiseme umeanguka bafuni: maswali kuhusu ED, likizo ya ugonjwa na fidia ya ulemavu

Kituo chetu kiko jirani na viwanda, kwa hiyo wengi tunaowahudumia ni wafanyakazi: wa mashine, wa maghala, madereva, mafundi wa kuchomelea. Maswali yafuatayo tunaulizwa karibu kila siku, na mengi tunaulizwa mgonjwa akiwa ameshachelewa. Majibu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF.

ED ni nini hasa?

Ni karatasi ya daktari inayosema kwamba kwa siku kadhaa huwezi kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Anayeitoa ni daktari aliyesajiliwa, aliyekuona na kukupima. Wakati mwingine hatuandiki upumzike kabisa, tunaandika ufanye kazi nyepesi: usibebe mizigo, usipande ngazi, usisimame zamu nzima. Hiyo nayo ni maelekezo ya daktari. Msimamizi akikurudisha kwenye mifuko ya saruji siku hiyohiyo, rudi utuambie.

Nina haki ya siku ngapi za kuumwa?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari. Bila cheti, mwajiri halazimiki kukulipa, hata kama mtaa mzima unajua ulikuwa umelala hoi.

Nimeumia kwenye mashine. Msimamizi anasema niseme nimeanguka nyumbani, gharama zote atalipa yeye. Kuna ubaya gani?

Upo, mkubwa, na ndilo jambo lililonifanya niandike haya.

Tunawapokea hivi: kijana ameshika mkono, kidole cha kati kimefungwa kwa tambara la kufutia mashine, limeloa damu na grisi. Nyuma yake yuko msimamizi na pochi mkononi. Ukimuuliza kijana kimetokea nini, anayejibu ni msimamizi: "Ameanguka bafuni." Bafu gani hilo lenye grisi? Kijana anatazama chini. Muuguzi anaandika alichoambiwa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakukanusha.

Basi, imeshaandikwa. Faili la siku ya kwanza ndilo litakaloulizwa siku zote zitakazofuata. Kidole kikipona, hakuna neno. Kikigoma kukunja, kikioza, kikikatwa, unakwenda kudai fidia ya ajali ya kazini huku faili lako mwenyewe linasema bafuni. Na yule msimamizi mwenye pochi? Alilipa nyuzi, dawa na nauli ya bajaji. Kidole hakulipi.

Sema ukweli siku ya kwanza: umeumia wapi, saa ngapi, kwa mashine gani, nani alikuwepo. Ukiogopa kusema mbele ya msimamizi, omba kuzungumza na tabibu peke yako. Ni haki yako na sisi tunaitarajia.

Lakini nikisema, si nitafukuzwa?

Hofu hii naielewa, sitaidharau. Ila fikiria mambo mawili. Kwanza, fidia ya ajali za kazini haitoki mfukoni mwa bosi wako siku ile. Inatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri anauchangia kila mwezi. Wewe hukatwi hata shilingi. Mwajiri aliyechangia hana sababu ya kuficha ajali. Anayeficha mara nyingi ana jambo lake jingine, nalo si lako kulibeba. Pili, ukiachishwa kazi isivyo halali unaweza kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Huko pia watauliza karatasi.

Mimi ni kibarua tu, hayo yananihusu?

Usijitoe mwenyewe. Sheria haiangalii jina unaloitwa getini, inaangalia kama kuna anayekupangia saa za kazi na namna ya kuifanya. Ripoti kama mwenzako mwenye mkataba.

Naweza kuanzia duka la dawa, nikizidiwa ndiyo nije?

Hapana.

Najua duka liko jirani na kituo kina foleni. Bado jibu ni hapana. Kidonda cha mashine kinataka kuoshwa vizuri, kuangaliwa kama mfupa umevunjika na kuchomwa sindano ya pepopunda. Kano za kukunjia vidole zikikatika hujivuta ndani. Siku za mwanzo zinashonwa vizuri, wiki zikipita kazi inakuwa ngumu na matokeo hafifu. Muuza dawa atakufunga bandeji nyeupe safi juu ya kano iliyokatika, utamshukuru, na kidole hakitakunja tena.

Waliochomelea wakaingiwa na chembe ya chuma jichoni: usisugue, usimpe mwenzako akutoe kwa ncha ya kitambaa, na tafadhali usitie maziwa. Kemikali ikiingia jichoni, osha palepale kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, ndipo uje.

Halafu kuna la karatasi. Duka la dawa halikufungulii faili. Wiki tatu za diklofenaki, dawa ya maumivu, ni wiki tatu ambazo hazikuandikwa popote, na zimekuachia tumbo linalochoma. Ukizimeza mfululizo miezi kwa miezi unaweza kuharibu hata figo.

Mgongo umekaza baada ya kubeba mzigo. Nikakandwe kwanza?

Njoo kwanza. Maumivu mengi ya mgongo baada ya kubeba vibaya hupoa kwa dawa, mazoezi na kuendelea kutembea taratibu, wala hayahitaji picha wala upasuaji. Lakini anayekukanda hajui wako ni upi. Miguu ikilegea, ganzi ikikushika katikati ya mapaja na sehemu za siri, au mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila kujua, hiyo ni dharura ya saa ileile. Usikandwe, usingoje Jumatatu, usingoje mshahara. Mishipa ya fahamu iliyobanwa ikichelewa kufunguliwa, huenda usitembee vizuri tena wala usizuie mkojo tena.

Wapo wanaokandwa mwezi mzima, kila jioni, wakirudi kazini asubuhi kubeba tena. Wanakuja kwetu wakiburuza mguu na kuomba "barua ya kupumzika". Barua tutaandika. Ila mwezi ule ulikuwa wa matibabu.

Daktari, naomba unirudishie tarehe nyuma.

Hapana. Naandika nilichokiona, siku niliyokiona. Naweza kuandika kwamba umenieleza maumivu yalianza tarehe fulani. Hayo ni maelezo yako na yana uzito wake. Siwezi kuandika nilikupima siku ambayo sikukuona. Na zile ED zinazouzwa, muhuri tayari na jina unajaza mwenyewe, ni kughushi. Mwajiri akipiga simu kituoni kuuliza, tunasema ukweli.

Ndugu zangu, njooni siku hiyohiyo. Mkija siku hiyohiyo hamtahitaji kuomba tarehe za nyuma.

Fidia ya WCF inakwendaje?

Ukiumia, unamwarifu mwajiri mara moja, ikiwezekana kwa maandishi. Mwajiri anatakiwa kuuarifu Mfuko ndani ya siku 7 kwa ajali, na siku 14 kwa ugonjwa uliotokana na kazi. Asipofanya hivyo, usikae kumsubiri. Nenda mwenyewe ofisi ya WCF na nyaraka zako.

Mfuko unagharamia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, kuna malipo ya asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Wa chini ya hapo unalipwa kwa mkupuo. Zipo pia huduma za utengamao, yaani za kukurudisha kwenye uwezo wa kufanya kazi na kujitegemea, malipo ya mtu anayemhudumia aliyepooza, msaada wa mazishi na malipo ya wategemezi.

Kwa nini daktari haniandikii asilimia za ulemavu leo?

Kwa sababu leo bado umevimba. Ulemavu wa kudumu unapimwa matibabu yakishafika mwisho wake, ikajulikana kilichobaki. Mkono unaoonekana umekufa leo unaweza kufungua chupa baada ya miezi ya mazoezi ya viungo. Hapa kuna tabia inayonikera, niiseme tu: mtu anaacha mazoezi makusudi ili asilimia ziwe kubwa. Mkono ukikaa bila kunyooshwa unakakamaa, na hauamki siku ya hundi. Tena aliyekupima anasoma kwenye faili kwamba hukuhudhuria mazoezi.

Kama ugonjwa hautokani na kazi? Baba yetu amepata kiharusi.

Hapo WCF haihusiki. Kwa sekta binafsi kuna pensheni ya ulemavu ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Kwa watumishi wa umma, mfuko ni PSSSF. NSSF wanaangalia kama amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato, na bodi ya madaktari ndiyo inayothibitisha. Wanaangalia na michango: miezi 180, au angalau 36 ambayo 12 kati yake iwe ya mwisho kabla ya kupata ulemavu. Kagueni michango yake mapema. Wapo waajiri wanaokata kwenye mshahara na hawapeleki, na familia inayajua hayo mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Na kwa kuwa mmetaja kiharusi: mdomo ukienda upande, mkono ukianguka, maneno yakichanganyika, ni hospitali saa hiyohiyo. Msimpeleke kwanza kwa mtu wa kumtoa "upepo". Ulemavu mtakaoombea pensheni mwaka huu unaamuliwa na saa zile za mwanzo.

Siku 126 zikiisha, mwajiri anaweza kuniachisha?

Anaweza kufikia huko, ila si kwa meseji ya simu. Anatakiwa akusikilize, aangalie taarifa ya daktari, na aone kama kuna kazi nyingine unayoiweza au kama kazi yako inaweza kurekebishwa. Nenda kwenye kikao hicho na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzako.

Niliumia miezi minne iliyopita, nikasema nimeanguka nyumbani. Nimeshakosa?

Bado, lakini usizidi kuchelewa. Sheria imeweka ukomo wa miezi 12 wa kuwasilisha dai, na minne umeshaila.

Njoo wiki hii na kila ulichonacho: kadi ya matibabu ya siku ile, risiti, picha za simu, hata ujumbe wa msimamizi anaokuuliza "kidole kinaendeleaje". Tutakupima upya na kuandika maelezo yako mapya kama maelezo mapya; hatutafuta ya zamani. Mwandikie mwajiri barua yenye tarehe, ubaki na nakala iliyosainiwa imepokelewa. Tafuta aliyekuwa mashine ya jirani siku ile na umwombe aandike alichokiona, angali bado anafanya kazi hapo. Kisha peleka vyote WCF, na huko useme pia kwa nini siku ya kwanza ulisema bafuni.