Kwa nini plastiki mbili zikiyeyushwa pamoja hazishikani

Ukisaga madumu na viti vilivyovunjika, ukayeyusha vyote na kumimina ubao, ubao unaweza kutoka laini na wa kupendeza. Uvunje uone: ndani umekaa tabaka tabaka, na ukucha unazibandua. Tatizo halikuwa moto. Dumu kwa kawaida ni polietilini nzito (HDPE, alama namba 2), kiti ni polipropilini (PP, namba 5), na hizo mbili hazichangamani hata ukizikoroga kutwa.

Sukari huenea majini kwa sababu molekuli zake ni ndogo, na kila moja huwa huru kwenda popote. Plastiki ni polima, yaani molekuli yake ni mnyororo wa maelfu ya vipande vilivyofungana, hivyo faida ya kutawanyika hubaki karibu sifuri. Kinachoamua basi ni mvutano wa molekuli. Minyororo ikipenda wenzake kuliko wageni, hata kwa tofauti ndogo mno, itajitenga. HDPE na PP zote ni kaboni na haidrojeni tupu, lakini undugu huo hautoshi.

Zipo zinazopatana. Haidrojeni iliyo jirani na klorini kwenye PVC (plastiki ya mabomba) huvutwa na oksijeni ya akriliki (PMMA, plastiki angavu kama kioo), nazo huchangamana. Jozi nyingine ni polistirini, inayolainika kwenye nyuzi 100 hivi, na plastiki iitwayo polifenilini oksaidi, inayolainika kwenye 210. Mchanganyiko wao hupimwa maabarani ukaonyesha kiwango kimoja tu cha kulainika, katikati. Vingeonekana viwili, tungejua zimetengana. Kipimo hicho ni cha kuaminika kuliko macho.

Karakana isiyo na maabara ianze na beseni la maji. HDPE na PP huelea. PET ya chupa na PVC ya mabomba huzama. Kutenga HDPE na PP, tumbukiza kipande kidogo kwenye glasi ya spiriti na maji nusu kwa nusu, mbali na moto: PP huelea, HDPE huzama. Plastiki yenye chokaa au vijazio vingine itakudanganya.

PET na PVC zikichanganyika ndizo za kuogopa. PET huyeyuka karibu na nyuzi 250, na kabla ya hapo PVC imeshaanza kuvunjika kwa joto ikitoa gesi ya haidrojeni kloraidi. Gesi hiyo huchoma mapafu, hula chuma cha mashine na kukatakata minyororo ya PET. Vipande vichache tu vya PVC huharibu mzigo mzima.

Wauzaji watakushauri kipatanishi, yaani kiungo cha kuongeza ili plastiki mbili zishikane. Kile cha PP iliyopandikizwa kemikali iitwayo anhidridi ya maleiki hufanya kazi vizuri PP ikichanganywa na nailoni ya nyavu za samaki, kwa sababu anhidridi hufungana na ncha za nailoni. Kwa HDPE na PP ni kutupa hela: hakuna ncha ya kushika. Hapo hutakiwa kopolima, yaani polima yenye sehemu za etilini (kama HDPE) na sehemu za propilini (kama PP) katika mnyororo mmoja, kila sehemu ikizama upande wake.