Je, wajua kwa nini bampa jipya likipigwa rangi ya namba ileile bado linajitenga na gari?

Umenunua bampa jipya, limekuja jeusi halina rangi, ukasoma namba ya rangi kwenye gari lako, ukapata kopo lenye namba hiyohiyo, ukapiga mwenyewe nyumbani, ukafunga. Unarudi nyuma hatua kadhaa kuangalia, gari lina rangi mbili. Bampa limekuwa jeupe kidogo kuliko fenda, halafu ukizunguka upande wa pili eti sasa ndo limekuwa giza. Hapo wengi wanamlaumu aliyechanganya rangi. Kuna siku kweli kosa ni lake, ila mara nyingi rangi ya kwenye kopo iko sawa kabisa, shida ni jinsi ilivyolala.

Tuanze na hiyo namba. Unaikuta kwenye kibandiko au kibati, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Kwa Toyota nyingi tafuta palipoandikwa C/TR, kile kinachotangulia mkwaju (/) ndo rangi ya nje na kinachofuata ni cha ndani, kwa hiyo ukiona 1F7 hiyo ni silva, 040 nyeupe, 202 nyeusi. Sasa namba hii inakutajia jina la rangi tu, haijui gari lako leo liko vipi. Modeli moja inaweza kutengenezwa viwanda tofauti kwa miaka kadhaa na rangi ikawa inacheza cheza kidogo, ndo maana wachanganyaji wenye vifaa vizuri wana fomula zaidi ya moja kwa namba moja, hii imeelekea njano, ile imeelekea bluu, nyingine imekolea. Bado hujahesabu miaka ya jua.

Na kuna jambo watu hawalitegemei: hata kiwandani bampa na bodi kwa kawaida havipigwi rangi pamoja. Bodi ya chuma inaokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi, plastiki ukiiingiza humo inalegea, kwa hiyo bampa linapigwa kivyake, mara nyingi kiwanda kingine, na linakaushwa kwa joto la chini. Angalia vizuri gari jipya la silva, simama pale fenda inapokutana na bampa. Tofauti ndogo mara nyingi ipo, ni vile hakuna aliyekwambia uangalie.

Utamu wenyewe uko kwenye metaliki. Ndani ya rangi hiyo kuna vipande vyembamba sana vya alumini, na kila kimoja kinafanya kazi ya kioo kidogo. Ukipiga kavu, yaani kwa mbali, mkono unakimbia, au hali ya hewa ni ya joto thina inaruka haraka, vile vipande vinagandia juu vikiwa vimelala bapa, mwanga unakurudia wote usoni na rangi inaonekana nyeupe. Ukipiga mbichi, karibu na taratibu, rangi inabaki majimaji kwa muda, vipande vinazama na kila kimoja kinainama upande wake, rangi inakuwa giza ukiitazama usoni lakini ukiitazama kwa pembeni inaweza kuonekana nyepesi kuliko jirani yake. Kopo lilelile, mtu yuleyule, rangi mbili tofauti. Ndo sababu mafundi rangi wazoefu wanaweza kuisukuma rangi kidogo kwa bunduki ya kupulizia rangi (spray gun) peke yake, kwa kucheza na presha na umbali, bila kuongeza tone la kitu chochote.

Wewe wa kopo la spreyi presha huwezi kuigusa, umebaki na umbali, mwendo wa mkono na subira. Kaa kama sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kipande na uachie ukishakipita, kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia, mkono uende sambamba na kipande usizungushe kifundo, maana ukizungusha katikati panalowa na pembeni panakauka, ukimaliza unaona mawingu mawingu na mistari. Mkono wa mwisho wa metaliki, yaani koti la mwisho, piga mwepesi kutoka mbali kidogo ili vile vipande vya alumini visambae sawasawa. Na bampa liweke limesimama vile litakavyokaa kwenye gari, ukililaza chini vipande vinatulia kwa namna nyingine.

Kabla ya yote hayo tengeneza kadi ya majaribio, na hapa mimi sibembelezi mtu. Chukua kipande cha bati au kadi ngumu, piga praima (rangi ya msingi) ileile utakayotumia, rangi kwa idadi ileile ya mikono, kisha kliya, lile koti la juu lisilo na rangi linaloleta mng'ao, acha ikauke kabisa, ibandike kwenye fenda nje mchana na uzunguke uitazame usoni na pembeni. Usihukumu rangi ambayo haijapata kliya, haina mng'ao na itakudanganya. Usihukumu chini ya taa pia, kwa sababu rangi mbili zilizotengenezwa kwa mchanganyiko tofauti zinaweza kufanana chini ya balbu halafu zikakosana juani. Na rangi ya praima ina maana yake, nyekundu na njano nyingi hazizibi vizuri, ukipiga juu ya praima ya kijivu iliyokolea unapata kitu kingine kabisa na ile ya kijivu nyepesi. Rangi za lulu ndo mtihani mkubwa zaidi maana zina tabaka la katikati linalopitisha mwanga, mkono mmoja ukizidi au kupungua unaonekana. Gari likiwa na rangi ya namna hiyo, mpelekee fundi, si kazi ya kujifunzia.

Sasa kwa nini nyingine zinabanduka kama karatasi baada ya kuosha gari mara chache? Geuza bampa uangalie mgongo wake, utaona maandishi yamechongwa kwenye plastiki, kitu kama >PP+EPDM-T20<. PP ni polipropileni, na hiyo ni plastiki isiyopenda kushikwa na chochote, rangi ikiwemo. Juu yake tena kunaweza kuwa na mabaki ya dawa iliyotumika kulitoa kwenye umbo lake kiwandani. Kwa hiyo linaoshwa kwanza kwa sabuni na maji ya moto kiasi, linafutwa kwa dawa ya kutoa grisi, linasuguliwa kila kona hadi ung'avu uishe, linafutwa tena, ndipo inakuja praima ya plastiki ile inayosaidia rangi kung'ata, kisha praima ya kujaza. Ukianza na msasa kabla ya kuosha unachofanya ni kuusukumia uchafu ndani ya mikwaruzo.

Fenda au boneti ya chuma ina mtego wake. Nyingi zinakuja nyeusi na mtu anadhani hiyo tayari ni praima. Lowesha kitambaa kwa thina, sugua sehemu iliyojificha: isipotoka, ni koti gumu la kuzuia kutu, lipige msasa tu wa namba P400 hivi uendelee. Ikitoka kwenye kitambaa, ilikuwa rangi ya kuzuia kutu njiani tu, itoe yote. Watu wanairuka hatua hii kwa sababu kipande kinaonekana kizuri machoni.

Kliya ziko za aina mbili, ya kopo la kawaida inayokauka kwa thina kuruka, na ya 2K, yaani ya sehemu mbili, inayochanganywa na hadena, dawa ya kuifanya iwe ngumu. Ya kwanza ni rahisi lakini haina ugumu, petroli ikimwagikia karibu na mfuniko wa tanki inaweza kuilainisha. Ya 2K ndo yenye ugumu unaokaribia wa kiwandani, ila hadena yake ina isosayaneti, kitu kinachoweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya vumbi haizuii chochote hapo. Mafundi wanaoijua kazi wanatumia kifaa kinacholeta hewa safi kutoka nje, wanafunika ngozi na macho. Kama huna vifaa hivyo, andaa kipande mwenyewe hadi praima halafu mlipe fundi akupigie rangi na kliya, hiyo siyo aibu, na kazi kubwa ya mikono utakuwa umeshaimaliza.

Hewa yenyewe nayo inacheza. Thina ikiruka inapoza uso wa kipande, kukiwa na unyevu mwingi hewani unageuka matone ya maji pale juu na rangi inakuwa na ukungu mweupe, kwa hiyo siku ya mvua acha. Ukiharakisha kliya juu ya rangi ambayo haijapumua unapata vitone vidogo vidogo, ni thina iliyonaswa inatafuta njia ya kutoka.

Basi mafundi wanaficha vipi tofauti isiyoisha? Wanapiga rangi hadi kwenye kipande cha jirani, ikififia taratibu, kisha kliya juu ya kipande chote. Jicho linakamata haraka rangi inapokatika ghafla pembeni ya mlango, ila rangi inayobadilika polepole linaipita. Ndo maana nyumbani anza na vipande vinavyojitenga vyenyewe, kava ya saiti mira, sehemu ya chini ya bampa, uache boneti na milango.

La mwisho, kama gari lako lina mfumo wa kukuonya kuna gari pembeni, mara nyingi rada zake zimejificha nyuma ya kona za bampa la nyuma, nyingi zinatumia mawimbi ya gigahezi 77 au 24, na rangi nene, puti au metaliki nyingi inaweza kuyapunguzia nguvu. Baadhi ya watengenezaji wanaweka kikomo cha unene wa rangi sehemu hizo, au wanakataza kabisa zisipakwe tena, hivyo soma maelekezo ya gari lako kabla hujafungua kopo.