Kaunsili inapoidai nyumba baada ya msiba

Nashauri wapangaji huku England. Barua inayowatia watu hofu kuliko zote ni ile ambayo kaunsili, yaani halmashauri yenye nyumba, huileta baada ya msiba: nyumba hii ilirekebishwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, sasa hayupo, tafadhali hama. Ndugu zetu wengi huanza kufunga mabegi siku hiyohiyo. Usifunge.

Barua si amri ya mahakama. Kwa mpangaji wa kudumu wa kaunsili, dai hili linatoka kwenye Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985, Jedwali la 2, sababu ya 13 kati ya zile za kumtoa mpangaji. Kaunsili lazima ikupe notisi rasmi, kisha imwonyeshe jaji kwamba nyumba imejengwa tofauti sana na nyumba ya kawaida ili imfae mtu mwenye ulemavu wa mwili, kwamba hakuna tena mtu kama huyo ndani, na kwamba inaihitaji kwa ajili ya mwingine kama yeye. Hata ikithibitisha yote hayo, jaji ataangalia kama ni haki kukuhamisha na kama umepatiwa nyumba nyingine inayokufaa.

Hapo kwenye "tofauti sana" ndipo madai mengi hulegea. Katika kesi ya Freeman dhidi ya Wansbeck, Mahakama ya Rufaa iliona kwamba choo cha ghorofa ya chini hakitoshi. Kesi yenyewe ilihusu haki ya mpangaji kununua nyumba ya kaunsili, ila maneno ya sheria yanakaribiana. Kinachotafutwa ni vitu kama milango iliyopanuliwa ipitishe kiti cha magurudumu, lifti inayopenya dari hadi chumbani, au meza ya jikoni inayopanda na kushuka.

Mama mmoja mjane alinijia na barua hiyo kabla hata ya arubaini ya mumewe. "Mwanangu, jirani aliambiwa haguswi kwa kuwa alikuwa mke. Mimi je?" Jirani alisema kweli, ila yake ilikuwa sababu ya 15A, ya nyumba kuwa kubwa mno kwa aliyerithi upangaji. Hiyo haimhusu mke wala mume, na warithi wengine hupewa notisi kati ya miezi 6 na 12 baada ya kifo. Sababu ya 13 haina kinga hiyo wala subira hiyo. Kwangu huo ni ukatili wa sheria.

Nyumba aliyopewa mama huyo ahamie ilikuwa mbali na binti yake anayemhudumia. Sheria inataka umbali huo uangaliwe, tukaandika hilo tu. Ikaletwa nyingine, mtaa wa nyuma ya kwa binti, akaridhika.

Siwalaumu wenye nyumba moja kwa moja, maana nyumba za kuwafaa walemavu ni chache. Mwaka 2018 ni 9% tu ya nyumba za England zilizokuwa na vitu vinne vya msingi vya kumwezesha mtu wa kiti cha magurudumu hata kuja kukutembelea. Lakini waulize, kwa maandishi, nyumba inatakiwa kwa ajili ya nani.

Wapangaji wa vyama vya nyumba (housing associations), wengi wenu mko chini ya Sheria ya Nyumba ya mwaka 1988. Humo sababu ya 13 ni ya mpangaji aliyeharibu nyumba, msichanganye.

Ukija ofisini leta notisi, mkataba, na barua ya daktari kama wewe mwenyewe au mwingine humo ndani ana ulemavu wa mwili. Hiyo barua peke yake yaweza kuliangusha dai lote.