Waungwana wa Caillebotte na karata zao

Ukiwa Abu Dhabi na ukapata nafasi ya kuingia Louvre ya huko, jumba la makumbusho ya sanaa, utafute mchoro wa Mfaransa Gustave Caillebotte uitwao La Partie de bézique, yaani mchezo wa karata wa bézique, wa mwaka 1881 hivi. Ni sebule ya Paris. Wanaume wawili wanacheza karata, wengine wamewazunguka wakitazama, na mmoja amejitenga nyuma kwenye kochi. Mwanamke hayupo, na hakuna anayecheka. Nafundisha historia ya sanaa, na swali la wanafunzi ni lilelile: mbona hawa matajiri wamenuna?

Anza na mchezo wenyewe. Bézique ni ya watu wawili na karata 64, yaani pakiti mbili zilizoondolewa karata za namba mbili hadi sita. Kila mmoja anashika nane. Ukiwa na malkia wa shupaza na ghulamu wa uru, unawatandaza mezani na kujipatia pointi 40. Ukiwapata wote wawili mara mbili, 500. Kwa kuwa kila karata ina pacha wake, asiyekumbuka zipi zimeshapita amekwisha. Soga zitatoka wapi?

Wachoraji wa zamani walipenda karata kwa sababu ya kisa. Caravaggio, na baadaye Georges de La Tour, walituwekea kijana mjinga na tapeli aliyeficha karata nyuma ya mgongo. Caillebotte hana habari na tapeli. Mmoja wa wanaocheza ni mdogo wake, Martial, mtunzi wa muziki, ambaye aliishi naye katika mtaa wa boulevard Haussmann kwa urithi wa baba yao aliyetajirika kwa kuliuzia jeshi vifaa vya malazi. Ndugu hawa hata stempu walizikusanya kwa bidii ya kazi ya ofisini. Mkusanyiko wao uliuzwa kwa Thomas Tapling, mkusanyaji stempu Mwingereza, na leo umo British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza. Watu wa namna hiyo hawachezi kwa kupoteza muda.

Lakini kwangu utamu wa mchoro huu unakuja ukiwekwa kando ya ule wa 1875, Raboteurs de parquet, uliopo makumbusho ya Orsay, Paris: vibarua watatu, vifua wazi, wamepiga magoti wakikwangua sakafu ya mbao. Majaji wa Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, waliukataa. Utazame vizuri. Chupa ya mvinyo iko pembeni, na wawili kati yao wameinamishiana vichwa kama walio katikati ya maongezi, mikono ikiendelea na kazi. Waungwana, walioonyeshwa kwa umma mwaka 1882 katika maonyesho ya saba ya Waimpreshonisti, kundi la wachoraji alilokuwamo Caillebotte, hawana hata neno la kupeana. Mchoraji yuleyule amewapa vibarua mazungumzo, akawapa matajiri jasho la kufikiri. Wanaosema hii ni picha ya familia tu, mimi siafikiani nao: Caillebotte alijua alichokuwa akikifanya.