Rejista inayosomeka na mashine ni nini, na Bagamoyo inahusikaje

Siku hizi mtu yuko zake Ujerumani anaiambia AI nipangie siku 2 Bagamoyo, nile wapi, nilale wapi, nani anitembeze, na anajibiwa fasta bila kusita. Hiyo ndo ejenti wa AI, programu inayotafuta, inalinganisha, na saa ingine inabuki kabisa kwa niaba yako. Sasa imejuaje, wakati Bagamoyo haijawahi kukanyaga? Inaokota maandishi mtandaoni, na kama aliyeandika ni mtalii wa miaka hiyo au mwenye hoteli kajisifia mwenyewe, ndo hicho hicho mgeni anapewa.

Rejista inayosomeka na mashine ni orodha ya sehemu ambayo kila taarifa ina kisanduku chake: jina, mahali kwenye ramani, saa za kufungua, bei, leseni, nani kahakiki na lini. Siyo bango la Instagram wala PDF iliyoskaniwa, maana hapo mashine inaanza kubahatisha. Mpangilio wenyewe upo siku nyingi, unaitwa schema.org, ulianzishwa 2011 na Google, Microsoft na Yahoo, na kuutumia ni bure.

Chukua Magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kutoka mjini. Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni wa nje si kimoja, ila mtu akiandika safari yake anataja bei aliyolipa yeye tu, ejenti anaibeba anampa kila mtu, mgeni akifika getini anahisi kapigwa na anayefokewa ni kijana wa watu anayekata tiketi.

Bodi ya utalii inaingia hapo, kwa sababu yenyewe inaweza kusema hii tumehakiki na ikasikilizwa. Kwetu leseni za biashara za utalii, ambazo wengi bado wanaziita TALA, zinatoka Wizara ya Maliasili na Utalii, na Bodi ya Utalii Tanzania kazi yake ni kutangaza, kwa hiyo taarifa za pande zote mbili inabidi zikutane, ili ejenti akiulizwa mwongoza watalii wa kuaminika pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo aangalie leseni kama iko hai badala ya kuhesabu nyota, nyota zinanunulika jamani.

Tarehe ya uhakiki mimi naiweka juu ya vyote. Na sehemu ikifungwa isifutwe, iandikwe IMEFUNGWA, maana ukiifuta tu yale maandishi ya zamani yanabaki mtandaoni na mgeni anaendelea kuelekezwa kwenye geti lenye kufuli.

Halafu kuna mama anayekaanga samaki pale sokoni ufukweni, hana website wala TALA. Atengewe kategoria yake, afisa wa halmashauri apite achukue anauza nini, saa ngapi, na namba ya simu kama mwenyewe karidhia. Mwenye hoteli kubwa anayetaka kulipia apandishwe juu, sawa, ila awekwe kwenye kisanduku kilichoandikwa tangazo, la sivyo ejenti atamchukulia kahakikiwa.